Mama Karani Anajibu: Picha ni ya kweli, habari ni ya uongo

Barua za safari hii zimefanana bila mtu kuzipanga. Zimetoka Mbeya mjini, Uyole, Mbalizi na Iringa, na zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: mtu asiyetamka uongo waziwazi, lakini akamwacha mwenzake anaamini uongo, ana kosa au hana?

Kwa wasomaji wapya: nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, kwanza Rungwe, baadaye Mbeya mjini, hadi kustaafu. Nilifungua majalada, niliapisha mashahidi, na niliwaandikia malalamiko wale wasiojua kuandika. Ninayoyajibu hapa nimeyatoa kwenye meza ile. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*Shikamoo Mama Karani. Tumezaliwa watano, kwetu ni Isongole, Rungwe. Baba alifariki mwaka jana, na kaka yetu mkubwa ndiye anayekaa na mama. Hivi karibuni dada aliyeko Dar alituma picha kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Kaka amesimama shambani na wanaume wawili, mmoja ameshika kamba, mwingine anahesabu noti. Dada akaandika: "Baba hajatimiza mwaka, shamba linapigwa bei." Mimi nikaongezea kwamba kaka ana tamaa tangu tukiwa wadogo, na picha nikaisambaza kwa ndugu wa upande wa mama. Baba mdogo akaitisha kikao. Hapo ndipo mama akasema yeye mwenyewe alimtuma kaka akodishe eka moja kwa mlima viazi, kwa misimu miwili, apate hela ya kutibiwa macho, na karatasi ya makubaliano ipo kwa mwenyekiti wa kitongoji. Kaka alijitoa kwenye kundi siku hiyohiyo. Nimemtumia ujumbe wa samahani, hajibu. Dada anasema hana kosa kwa sababu picha ni ya kweli. Nadhani anataka tugombane ili yeye aonekane ndiye anayejali mali ya baba. Nifanyeje? — Msomaji, Mbeya mjini*

Marahaba mwanangu. Poleni kwa msiba, na mama apone macho.

Nianze na picha, kwa kuwa ndiyo ngao ya dada. Umezaliwa Isongole, unajua eka kule inapimwaje: hatua 70 kwa 70, na wasioaminiana hatua wanaleta kamba. Msimu wa viazi ukikaribia wanaume wanavuta kamba mashamba yote yale, na noti zinahesabiwa hapohapo kwenye mpaka, mbele ya shahidi. Anayeuza anapimiwa hivyo, na anayekodisha anapimiwa hivyohivyo. Kwa hiyo picha inaonyesha kamba, noti na watu watatu. Kwamba shamba linauzwa, hilo halimo kwenye picha. Limeletwa na maneno yaliyoandikwa chini yake, na aliyeyaandika alikuwa Dar es Salaam.

Mezani kwangu alikuja mama mmoja kumshtaki jirani. Akasema, "Andika: amenikatia migomba yangu kwa chuki." Nikamuuliza kama alimwona akikata. Alimwona, panga mkononi, asubuhi, migomba ya kando ya mfereji. Hayo nikayaandika. Nikamuuliza, na chuki uliionaje? Alinyamaza kidogo, kisha akakasirika, akaniambia kila mtu kijijini anajua. Siku ya kesi ikaonekana jirani alikuwa ameonyeshwa mpaka na baba mkwe wake, na mpaka aliouonyeshwa ulikuwa wa makosa. Migomba alikata kweli na fidia aliamriwa kulipa. Ila ile chuki haikuwapo, na wale wawili walikuwa wameshapitisha miezi hawasalimiani, watoto wao wamekatazwa kucheza pamoja, kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekiona.

Sisemi nia ya mtu haichunguzwi. Mahakama inaichunguza kila siku. Lakini inaichunguza kwa aliyoyatenda, aliyoyatamka, aliyoyafanya kabla na baada, na mwenyewe anapewa nafasi ya kujieleza. Kanuni za ushahidi za mahakama za mwanzo, zilizotungwa mwaka 1964, zinataka jambo lisemwe na yule aliyeliona au kulisikia kwa masikio yake. Kaka yako aliulizwa na nani? Simu anayo, na mama anayo. Hakuna aliyepiga kabla ya picha kuzunguka ukoo mzima.

Sasa tuje kwako, na hapa nitasema wazi kwa sababu umeandika kwa kutaka kusaidiwa. Umeuliza zaidi kuhusu dada, lakini sentensi yako wewe ni nzito kuliko yake. Yeye alisema shamba linauzwa. Hilo linafutika kwa siku moja: shamba lipo, karatasi ipo, mwenyekiti yupo. Wewe umesema kaka ana tamaa tangu utotoni. Hilo atalifuta kwa karatasi gani? Mtu anaweza kuonyesha kwamba hakuuza. Kwamba hana tamaa, hata aishi miaka mia hana cha kuonyesha. Na ulilisema kwa watu waliomjua kaka akiwa mtoto, ambao sasa wakikumbuka alivyowahi kuchukua nyama kubwa kwenye sahani watasema, kumbe.

Halafu tazama mstari wa mwisho wa barua yako. "Nadhani anataka tugombane." Mwanangu, umemwona akitaka? Amekuambia? Hilo ndilo ulilomfanyia kaka, na leo unamfanyia dada kwenye barua hii hii. Inawezekana dada aliumia kweli, yuko mbali, baba amezikwa juzi, akaona noti akashtuka. Inawezekana pia alijua habari ya kukodisha akaificha. Kama alijua, hoja yake ya picha haimwokoi, maana hata Sheria ya Mkataba ya nchi hii, Sura ya 345, kwenye kifungu cha 17, inahesabu kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kuwa ni udanganyifu sawa na kutamka la uongo. Kama hakujua, kosa lake ni kutouliza. Ni makosa mawili tofauti na kila moja lina dawa yake. Mpigie, umuulize swali moja: ulijua au hukujua? Kisha nyamaza usikilize.

Kwa kaka, ujumbe wa samahani hautoshi, na ninaelewa kwa nini hajibu. Amechafuliwa mbele ya ukoo, anaombwa radhi chumbani. Rudi kwenye kundi lile lile na uandike maneno yaliyonyooka: "Nilisema kaka ana tamaa. Sikuwa na sababu ya kusema hivyo. Shamba halikuuzwa, lilikodishwa kwa agizo la mama, na mimi sikuuliza kabla ya kusambaza." Usiandike "kama kuna niliyemkwaza". Unamjua uliyemkwaza. Kwa ndugu wa upande wa mama piga simu mmoja mmoja, kwa sababu wao hawakuwapo kwenye kikao na mpaka leo huenda wanajua shamba limeuzwa. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na usiikwepe. Ulivyoisambaza picha kwa dakika moja, kuikusanya kutakula jioni zako nyingi.

Kisha panda gari uende Isongole. Nenda na baba mdogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita kikao na ndiye mkubwa wenu sasa. Usifike na sukari na kanga ya mama kama umekuja kusalimia tu, halafu radhi ukaichomeka mlangoni wakati wa kuaga. Kaa chini, mtaje kaka kwa heshima yake, sema ulichokosa, na usieleze kwa nini uliamini. Akifoka, mwache afoke. Akisema harudi kwenye kundi, ni haki yake. Wewe endelea kumpigia kila wiki kumjulia hali mama, na hela ya macho mchangie bila kuitangaza.

*Shikamoo Mama. Nafanya kazi kwenye duka la mchele la jumla, Uyole. Tunapokea mchele wa Mbarali na wa Kyela. Bosi anatuamuru tuchanganye, mara nyingi magunia matatu ya Mbarali kwa moja la Kyela, kisha viroba vyote viandikwe "Mchele wa Kyela" vipelekwe Dar. Nilipouliza akaniambia mchele wa Mbarali pia ni mzuri, wateja wanafurahi, hakuna anayeumia. Na kweli sijawahi kusikia mteja akilalamika. Nakosea kuona vibaya? — Kijana wa ghalani*

Marahaba. Huoni vibaya, unaona sawasawa.

Bosi wako amesema neno moja la kweli: mchele wa Mbarali ni mzuri. Mimi mwenyewe siku za kawaida napika mchele wa mbegu ya Saro 5, wa bonde la Usangu hukohuko Mbarali, unachambuka, unajaza sufuria, watoto wanashiba. Basi kama ni mzuri, kwa nini jina lake halisemwi? Anajua jibu. Mteja wa Dar analipa bei ya juu kwa sababu ya ile harufu inayotoka maji yakianza kukauka, ambayo jirani anaisikia kutoka uani kwake, na harufu hiyo inaletwa na mbegu za zamani na mashamba ya tambarare ya Kyela kule kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Bosi anauza harufu ya gunia moja kwa bei ya magunia manne.

Anasema hakuna anayeumia. Mimi nawahesabu. Yupo mama wa Dar aliyelipia kitu asichopewa. Hajalalamika kwa kuwa anadhani amekosea maji au mkaa ulikuwa mkali. Yupo mkulima wa Kyela, maana mteja huyo akipika mara tatu bila kusikia harufu atasema mchele wa Kyela siku hizi umeharibika, na jina lililojengwa na wazee wake litashuka bei bila yeye kujua limeangushiwa wapi. Na yupo mkulima wa Mbarali, ambaye ndiye anayeniuma zaidi kwa sababu hakuna anayemtaja. Anakesha akigombania zamu ya maji ya mfereji, anapigana na ndege, anavuna mchele mzuri, na mchele wake ukifika mjini unavuliwa jina. Miaka yote watu watakula jasho lake wakimsifu mwingine. Atajijengea soko lini?

Wakulima wa mikoa yetu wamezoea kuumizwa kwenye kipimo. Lumbesa mnaijua: gunia la viazi linashindiliwa, linashonewa kilemba juu, linapita kilo 100 ambazo Sheria ya Vipimo imeweka kuwa kikomo, na mkulima analipwa kama gunia moja. Sasa anaumizwa na kwenye jina.

Sheria ipo. Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inakataza kuweka kwenye bidhaa maelezo ya uongo, pamoja na mahali ilipotoka. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Anayeshika kalamu ya wino mzito na kuandika kiroba ni wewe, si bosi, na siku wakija wakaguzi mkono utakaoonekana una wino ni wako.

Najua kazi hazipatikani, kwa hiyo sikutumi ukagombane. Mwendee asubuhi kabla ya wateja, mkiwa wawili, umpe njia ya kufanya biashara: viroba vya Kyela tupu kwa bei yake, vya Mbarali tupu kwa bei yake, na vya mchanganyiko vyenye maandishi ya mchanganyiko. Wapo wanunuzi wengi wa mahoteli na mashule watakaochukua mchanganyiko kwa furaha wakiambiwa ukweli. Akikataa, mwombe akuhamishie kwenye mizani au upakuaji, kuandika aandike mwenyewe. Mteja akikuuliza kwa mdomo, wewe usiseme ni Kyela. Na uanze kutafuta ghala lingine kimyakimya, kwa kuwa mtu anayewachanganyia wateja, siku moja atachanganya na hesabu ya mshahara wako.

*Mama Karani, habari za kazi. Mwanangu wa kiume aliishia darasa la saba. Amepata nafasi ya udereva kwenye taasisi, wanataka cheti cha kidato cha nne. Binamu yake amemaliza na hana kazi, yuko tayari kumpa cheti. Gari anaendesha vizuri sana, leseni anayo. Si anadanganya jina tu? — Mzazi, Mbalizi*

Nzuri, mzazi mwenzangu. Usikubali.

Aprili 2017 Serikali ilitangaza watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na wakaondolewa kazini. Walikuwamo watu waliofanya kazi vizuri, wengine kwa miaka mingi. Mwaka 2022 Serikali ikakubali warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi, lakini kazi zilikuwa zimekwenda na umri pia. Mwanao akiingia kwa jina la binamu, mshahara utasoma jina la binamu, bima itasoma jina la binamu, na akifa mkewe atadai mafao ya mtu ambaye yu hai. Binamu naye siku akipata kazi ataambiwa tayari ameajiriwa. Mtakuwa mmewafunga vijana wawili kwa kamba moja.

Afanye Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT, wa Baraza la Mitihani. Akifaulu anakaa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na cheti kitatoka kwa jina lake. Kwa sasa aendeshe malori ya mbao au ya viazi. Barabara ya Tunduma haijawahi kukosa kazi kwa dereva mzuri. Hela aliyotaka kumpa binamu ailipie ada ya mtihani.

*Shikamoo Mama. Ni mwalimu wa historia, sekondari, Iringa. Kila mwaka napeleka wanafunzi Makumbusho ya Kalenga kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe. Safari hii msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, tunajuaje kwamba ni lake?" Nilimwambia tutalizungumza darasani. Mwalimu mwenzangu ananishauri niseme ndilo, basi, nisiwavuruge watoto wala kuwakwaza wazee. Nisemeje bila kupotosha? — Mwalimu*

Marahaba mwalimu. Mpongeze huyo msichana kwa niaba yangu mbele ya darasa. Ameuliza swali ambalo mashahidi wazima wanalikimbia.

Mwenzako anadhani kuna njia mbili, kusema ndilo au kusema silo. Mimi naona umwambie tunachokijua, halafu umwonyeshe pale kujua kunapoishia.

Yapo mambo ambayo hayana ubishi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe waliwavunja Wajerumani pale Lugalo na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Mwaka 1894 Wajerumani wakaiteka Kalenga, Mkwawa akatoka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, kichwa chake kikiwa kimetangaziwa zawadi ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kushikwa. Kichwa chake kilikatwa. Hayo sema kwa sauti kubwa.

Kisha waambie Mkataba wa Versailles wa 1919, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ibara ya 246, uliidai Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa ndani ya miezi sita. Ibara hiyohiyo ilidai na Kurani ya Khalifa Othman irudishwe kwa mfalme wa Hijazi, Uarabuni. Watoto watapenda kujua kwamba shujaa wa Uhehe aliandikwa mstari jirani na Khalifa. Wajerumani walisema hawajui fuvu liliko. Likakaa hivyo zaidi ya miaka 30.

Hapa ndipo umwite msichana wako asogee mbele. Gavana wa Uingereza hapa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda kwenye makumbusho ya mji wa Bremen mwaka 1953. Kulikuwa na mafuvu mengi mno pale, na yaliyotoka Afrika Mashariki ya Kijerumani yalikuwa kadhaa. Hakukuta moja lenye jina la Mkwawa. Alichofanya ni kulinganisha vipimo vya mafuvu, urefu kwa upana, na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa, akatafuta lenye tundu linalofanana na la risasi. Moja likaonekana linakubali, na mwaka 1954 likaletwa Kalenga na kukabidhiwa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Kwa hiyo fuvu lilitambuliwa kwa kufanana. Ndivyo umwambie, kwa maneno hayohayo. Kufanana ni ushahidi, lakini si ushahidi wa aliyeona, na wapo wanahistoria waliolitilia shaka. Akikuuliza, "Kwa hiyo silo?" mwambie hapana, hilo pia hujalisema, na asikulishe maneno. Akikuuliza Twining alitaka nini kulileta, mwambie wapo wanaosema alitaka kuwapendeza Wahehe wakati Kenya inawaka moto wa Mau Mau, na hayo ni maoni ya watu wanaosoma matendo yake; ayaandike kwenye daftari kama maoni.

Kuhusu wazee wa Kalenga, sikubaliani na mwenzako kwamba watakwazika. Wanaokwaza ni vijana wanaosimama mbele ya kioo wakicheka na kusema ni la kubuni, kana kwamba wao walikuwapo Bremen. Hao nao wanasema wasilolijua. Wazee walipokea fuvu lile kwa machozi na kwa heshima ya kuzika, na kuomboleza kwao hakukuwa uongo hata kidogo, liwe lake au liwe la Mwafrika mwingine aliyechukuliwa kichwa akapelekwa ng'ambo. Na hapo, mwalimu, kuna somo zima la historia ambalo ningependa ulifundishe kabla ya mtihani: yale mafuvu mengine yaliyobaki kwenye rafu yalikuwa ya akina nani? Waulize watoto. Wengine babu zao walitoka Ubena, Ukinga na Usangu, na huenda nyumbani kuna kisa cha mtu aliyechukuliwa asirudi. Wakakisikilize, na wakija darasani kila mmoja aandike nani kamsimulia, na huyo msimulizi alisikia kwa nani.

Barua ya msomaji wa Ileje kuhusu jirani anayesogeza mpaka wa shamba usiku nimeipokea. Sijaijibu. Naomba anitumie nakala ya muhtasari wa halmashauri ya kijiji wa siku walipogawiwa, na amwambie jirani kwamba ameniandikia, ili naye akitaka aniletee maelezo yake. Zote mbili zikifika nitazisoma pamoja kwenye toleo lijalo.